KONEKSIO MOJA, KOMPYUTA NYINGI: Namna ya kugawanya intaneti mu lupango



Somo letu mu toleo hili ni juu ya ulizo ambalo wengi wametuletea tangu mwanzo wa mwaka wa masomo: kama mu lupango kuko kompyuta (ordinatere, kama tunavyosema hapa kwetu) mbili, tatu ao zaidi, je, kila moja inahitaji intaneti yake, ao koneksio moja inaweza kutosha zote?

Jibu fupi ni hili: moja inatosha. Lakini jibu fupi peke yake linaleta ugomvi, kama tutakavyoona. Tunawaomba msome mpaka mwisho, kisha mjibu maulizo.

1. KWA NINI TUNAJIFUNZA JAMBO HILI

Sisi wa mwaka wa sita tunajitayarisha kwa Exetat. Itemu za miaka ya nyuma, vitabu, masomo ya video ya hesabu na fizika, vitu hivi vyote siku hizi vinapatikana ku intaneti. Wengi wetu tunanunua mega kwa kadogo, vile mama anavyonunua mafuta ya kupikia ku soko. Kununua kwa kadogo si dhambi. Njo uwezo wa mfuko siku ile. Lakini mnajua wenyewe kwamba anayenunua kikombe kila siku mara nyingi analipa kuliko yule aliyenunua bidoni nzima.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kwa maana bei zinabadilika na kila mtu aende kuuliza bei ya leo. Tuseme mu lupango moja ya Katuba kuko nyumba 4, na kila nyumba inanunua mega za franga 500 kila siku. Kwa siku 30, nyumba moja inatoa franga 15,000, na nyumba 4 zinatoa 60,000. Sasa muende mukaulize: kwa franga 60,000 zilizolipwa mara moja, forfe ya mwezi ina giga ngapi? Kisha muhesabu mega za siku zote 30 za nyumba zote 4, mulinganishe. Fanyeni hesabu hiyo na wazazi mbele ya kuamua kitu chochote. Kwa kawaida pakiti kubwa inatoa giga nyingi zaidi kwa feza ileile.

Faida iko wazi. Lakini kuko malupango ambamo watu walianza pamoja kwa furaha, na nyuma ya mwezi mmoja kila nyumba ikarudia ku kadogo yake, na majirani hawasalimiani tena vizuri. Mashine ilikuwa nzima na koneksio ilikuwa nzuri. Kilichokosa ni utaratibu. Kwa sababu hiyo tutatazama kwanza mashine inafanya nini, halafu watu wanapaswa kufanya nini.

2. NAMNA MASHINE INAVYOGAWANYA: MFANO WA B.P.

Kila kompyuta inayoongea ku intaneti inahitaji adresi, ili majibu yajue pa kurudi. Adresi za aina ya zamani, ambazo zingali zinatumika sana, zinaandikwa kwa hesabu nne zenye nukta katikati. Jumla yake ni 2 kwa kipeo cha 32, ni kusema 4,294,967,296. Ni nyingi, lakini watu wa dunia wanapita bilioni 8, na wengi wana mashine zaidi ya moja. Mu Februari 2011 mafungu ya mwisho ya adresi hizi yaligawanywa kwa maeneo matano ya dunia. Eneo la Afrika linaangaliwa na AFRINIC, ambayo ofisi yake iko ku kisiwa cha Morisi.

Sasa, kama adresi hazitoshi, inakuwa namna gani watu wote waingie? Fikirini shule. Shule ina sanduku moja la posta, B.P. moja tu. Mwanafunzi wa kwanza anaandika barua Kinshasa, wa pili anaandika Kolwezi. Barua zote zinatoka na B.P. ileile ya shule. Sekretere anaandika mu rejista: barua ya Kinshasa ni ya mwanafunzi wa klasi ya tano, barua ya Kolwezi ni ya mwanafunzi wa klasi ya pili. Jibu likifika, anafungua rejista, anaona mwenyewe, anamupelekea. Watu wa posta hawajui hata majina ya klasi zetu. Kwao kuko B.P. tu.

Sekretere huyu, mu nyumba, njo mashine inayoitwa ruta. Upande wa inje iko na adresi moja. Upande wa ndani inagawia kila kompyuta na kila simu adresi ndogo ya nyumba, kwa mfano 192.168.1.10, halafu 192.168.1.11, na kuendelea. Tangu 1996 iliamuliwa kwamba adresi zinazoanza na 192.168, pamoja na mafungu mengine mawili, ni za ndani tu na hazitembei ku intaneti ya inje. Kwa hiyo lupango ya Katuba na nyumba moja ya Mombasa zinaweza kutumia adresi ileile ya ndani bila kugongana, kama vile kila shule inaweza kuwa na klasi ya tatu B.

Ruta inafanya kazi mbili: kugawia adresi za ndani, na kushika rejista ya nani aliuliza nini. Kuko na faida ya tatu. Barua ikifika bila mtu kuiomba, na mu rejista hakuna jina, sekretere haipeleki kwa mtu. Ni ulinzi mdogo kwa kompyuta za ndani, ijapokuwa hautoshi peke yake.

Muangalie vizuri: sekretere anapeleka barua tu. Haulizi kama barua ya huyu ni ya masomo ao ya mchezo. Haulizi kama mmoja amekwisha kutumia tembre zote. Kazi hiyo itabakia ya watu.

3. NJIA TATU ZA KUGAWANYA

Njia ya kwanza: simu. Simu yenye mega inafunguliwa ile tunaita partaje, na kompyuta zinaingia kupitia simu hiyo. Haina gharama ya mashine mpya. Ubaya wake: betri inakwisha haraka, simu inapata moto, na mwenye simu akienda ku soko anatoka na intaneti ya wote. Kama ni kompyuta moja tu, ni vizuri kutumia kamba ya kuchajia (ile ya USB), maana inapitisha koneksio na inachaji simu wakati uleule.

Njia ya pili: kompyuta moja kuwa mlango wa nyingine. Njia hii si ya jana. Mu 1999 programu ya Windows 98, toleo lake la pili, ilikuja na uwezo huu ndani yake, na Windows 10 na 11 nazo zinao. Inafaa siku ambayo modemu ndogo imechomekwa ku kompyuta moja na wengine wanataka kuingia. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ile haiwezi kuzimwa. Ikizimwa, wote wako inje. Na kompyuta ya mezani inakula umeme mara nyingi kuliko ruta.

Njia ya tatu: ruta yenyewe. Kuko ruta zenye nafasi ya SIM, na kuko zile zinazopokea kamba kutoka ku fibre ao ku antena ya kampuni. Hii njo njia tunayoshauri kwa lupango yenye watu wengi. Ruta inakaa mahali pamoja, inafanya kazi usiku na mchana, na haiendi ku soko.

Ruta inapeleka intaneti kwa hewa (waifai) na kwa kamba. Kwa hewa, ruta nyingi za leo zina mawimbi mawili. Wimbi la gigahertzi 2.4 linafika mbali na linapita kuta vizuri kidogo. Wimbi la gigahertzi 5 linakimbia zaidi, lakini ukuta wa matofali ya kuchoma unalipunguza sana. Kwa hiyo, kompyuta iliyo mu chumba kimoja na ruta ichukue 5, nyumba ya nyuma ichukue 2.4. Ruta ikae juu, katikati ya wanaoitumia. Isifungwe ndani ya kabati, na isiwekwe nyuma ya mabati, maana chuma kinazuia mawimbi.

Kwa kamba, mwendo ni imara kuliko hewa. Kipimo cha kamba moja ni metre 100, na mu malupango yetu hatufiki huko.

4. BOMBA NA PIPA

Watu wengi wanachanganya vitu viwili: mwendo na kiasi. Tuchukue mfano wa maji. Unene wa bomba la REGIDESO unaonyesha maji yanakimbia namna gani: huo ni mwendo. Pipa lililo mu kiwanja linaonyesha uko na maji ngapi: hicho ni kiasi. Bomba nene haliongezi maji ya pipa. Linayamaliza mbio tu.

Mwendo unahesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Kiasi kinahesabiwa kwa megabaiti, zile tunaita "mega", na gigabaiti, "giga". Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo koneksio ya megabiti 8 kwa sekunde inaleta mega 1 kwa sekunde, si 8. Wengi wanafikiri wameibiwa, na kumbe ni hesabu.

Zoezi la kwanza. Koneksio ni ya megabiti 8. Mwanafunzi mmoja anashusha kitabu cha mega 30. Peke yake anangoja sekunde 30. Kama kompyuta 4 zinashusha pamoja na zinagawana sawasawa, kila moja inapata megabiti 2, ni kusema mega 0.25 kwa sekunde, na kitabu kilekile kinachukua sekunde 120. Hiyo ni dakika 2. Hakuna aliyekufa kwa kungoja dakika 2. Mwendo njo sehemu nyepesi ya ushirika huu.

Zoezi la pili. Forfe ya mwezi ni giga 40 kwa nyumba 4. Kila nyumba iko na haki ya giga 10, na kwa siku 30 ni karibu mega 333 kila siku. Sasa tulinganishe:

– Kitabu cha itemu cha mega 5: kwa fungu la siku moja, nyumba inaweza kushusha 66.
– Video ya kawaida, yenye sura isiyo safi sana, inakula karibu giga 1 kwa saa. Saa moja ni fungu la siku 3.
– Filme yenye sura safi sana inakula karibu giga 3 kwa saa. Saa moja ni fungu la siku 9.
– Ujumbe wa maandishi tu: hata ukiandika siku nzima, hauonekani mu hesabu.

Muone: mtoto mmoja akitazama filme mbili za sura safi, za saa mbili kila moja, amekula giga 12. Amemaliza giga 10 za nyumba yao na ameingia mu sahani ya jirani. Na hakuna aliyemuona, kwa sababu mega haina sauti wala harufu.

Kuko mlaji mwingine ambaye si mtu. Kompyuta zenyewe zinashusha programu mpya bila kuuliza, na mara nyingine giga kadhaa kwa usiku mmoja. Wote wamelala. Asubuhi mu kiwanja mnasikia: "Mega ilisha kuisha! Ni nani alikula?" Kila mmoja anaapa kwamba si yeye, na wote wanasema kweli. Hapa njo urafiki wa malupango mengi unavunjika. Dawa yake iko rahisi. Ku kila kompyuta ya Windows 10 ao 11, mufungue mipango ya waifai ya nyumba na muwashe ile imeandikwa kwa Kifaransa "connexion limitée". Kompyuta itajua kwamba mega zina mwisho, na itapunguza kushusha mambo makubwa bila ruhusa. Simu nazo zina mpango kama huo. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, mbele ya mtu yeyote kuingia.

5. UMEME NA RADI

Mu Lubumbashi hatuwezi kufundisha juu ya mashine bila kuongea juu ya umeme unaokatwa. Habari njema ni kwamba ruta inakula kidogo, karibu wati 10. Betri ya volti 12 na amperi-saa 7 iko na wati-saa 84 (12 × 7). Tukigawanya kwa 10, ni saa 8 na kidogo. Lakini betri ya asidi haipendi kumalizwa, basi tuhesabu nusu tu: saa 4. Ni mangaribi nzima ya masomo.

Angalisho: usiunge betri ku ruta kwa nyaya za kubahatisha. Ruta nyingine inataka volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na imeandikwa chini yake. Betri inayochajiwa inapita volti 12. Kuko visanduku vidogo vya betri vilivyotengenezwa juu ya ruta, vinashika volti sawasawa. Muchukue hivyo.

Wakati wa mvua, radi kwetu Katanga si mchezo. Kamba ya shaba iliyotandikwa hewani kutoka nyumba moja mpaka ingine inaweza kuleta radi mpaka ndani ya kompyuta. Kwa hiyo, kati ya nyumba na nyumba tutumie hewa. Na mvua ikianza kunguruma, tuchomoe ruta ku umeme na tuchomoe kamba ya antena, mbele radi haijafika karibu.

6. UTARATIBU WA WATU

Mashine imemaliza sehemu yake. Sasa ni zamu yetu.

Mu kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma kwamba kanisa la kwanza liligawanya chakula kila siku. Nia ilikuwa safi na chakula kilikuwako. Hata hivyo wajane wa upande mmoja walisahauliwa, na manunguniko yakaanza. Mitume hawakusimamisha ugawanyaji, na hawakusema watu wapendane zaidi kisha wakaenda zao. Waliomba wachaguliwe watu saba wenye ushuhuda mzuri, wasimamie kazi ile. Kama kanisa lililojaa Roho lilihitaji wasimamizi juu ya chakula, sembuse lupango yetu juu ya mega.

Basi tunatoa mashauri haya:

(a) Achaguliwe mtunzaji mmoja. Si lazima awe anajua zaidi mashine. Awe mtu ambaye nyumba zote zinamuamini na feza. Afadhali asikae miezi yote. Wabadilishane kila miezi mitatu.

(b) Kuwe daftari. Upande mmoja feza: nani alitoa, siku gani. Upande mwingine mega: kila jumapili mtunzaji anaandika ni giga ngapi zimebakia. Ruta nyingi zinaonyesha hesabu hiyo, na kampuni za simu nazo zinajibu mtu akiuliza kwa kodi. Giga 40 zikiwa 30 nyuma ya wiki moja, tuko mu njia. Zikiwa 18, waketi pamoja siku ileile, wasingoje mwisho.

(c) Waamue mbele juu ya asiye na feza. Kuko nyumba ambayo mwezi huu baba hakulipwa. Je, watoto wake wafungiwe? Tunashauri kuwe fungu dogo la masomo, tuseme giga 4 ya zile 40, ambalo halina mwenyewe. Zile 36 zinagawanywa kwa 4, kila nyumba 9. Mwanafunzi wa lupango asikose kushusha somo kwa sababu ya deni la mkubwa. Lakini fungu hilo lisiguswe kwa filme.

(d) Saa ya masomo ipangwe kwa haki. Hapa tunaomba wavulana watuvumilie. Kama saa ya masomo imewekwa saa kumi na mbili mpaka saa mbili za usiku, njo saa ambayo dada zetu wako ku mbabula wanapika bukari na sombe. Wakimaliza kuosha sahani, mega za siku zimekwisha ao umeme umekatwa. Ku karatasi saa ni ya wote, lakini kwa kweli ni ya wavulana tu. Ao saa ibadilishwe, ao kazi ya jikoni igawanywe. Msichana wa mwaka wa sita anafanya Exetat ileile.

(e) Video zishushwe mara moja, zitazamwe na wote. Somo moja la fizika likishushwa ku kompyuta moja, linaweza kupita ku zingine kwa waifai ya ndani ao kwa fulashi bila kula hata mega moja ya inje. Wanafunzi 5 wakitazama somo la mega 200 kila mmoja peke yake, wamekula giga 1. Wakishusha mara moja, mega 200 tu. Mu somo lote hili hakuna shauri linaloleta faida kuliko hili.

7. UFUNGUO NA SHERIA

Ruta ina funguo mbili na watu wanazichanganya. Ufunguo wa kwanza ni wa kuingia ku waifai. Wa pili ni wa kufungua ruta yenyewe na kubadilisha mipango yake. Huu wa pili mara nyingi unatoka kiwandani ukiwa mwepesi sana, na umeandikwa chini ya mashine. Mtunzaji aubadilishe siku ya kwanza, auandike ku karatasi, na karatasi ikae kwa mkubwa wa lupango.

Ufunguo wa waifai uwe na herufi 12 ao zaidi. Usiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Mu mipango ya ulinzi mchague WPA2, iliyokuja mu 2004, ao WPA3 ya 2018 kama mashine zote zinaikubali. Ulinzi wa zamani unaoitwa WEP unavunjwa kwa dakika chache. Mgeni akija, ruta nyingi zina mlango wa pili wa wageni. Mumupe ule, na akienda muufunge. Mwanafunzi anayetoa ufunguo wa lupango kwa rafiki zake wa barabarani anagawanya kitu ambacho si chake peke yake.

Juu ya sheria, tuseme mawili. Kwanza, kuchangia koneksio nyumba kwa nyumba si sawa na kufungua biashara. Kazi ya kuuzia watu huduma ya mawasiliano inaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na msimamizi wake ni ARPTC. Anayefikiria kuuza aende kuuliza huko kwanza. Na hata kwa kuchangia tu, musome masharti ya kampuni iliyouza forfe. Pili, kuingia mu mashine ya mwingine bila ruhusa ni kosa mbele ya Serikali. Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inasema juu ya makosa ya namna hiyo. Kuko kwenye waifai moja na jirani hakukupi haki ya kufungua makaratasi yake.

8. MJI NAO UNAGAWANYA

Tumalize kwa kutazama mbali kidogo. Mambo ya lupango yanafanana na mambo ya mji na ya inchi.

Wakubwa wetu wanakumbuka siberi zilizotumia sahani kubwa ya satelite: koneksio moja, kompyuta kumi ao zaidi. Satelite za aina ile ziko juu ya ikweta, karibu kilometre 36,000 kutoka udongo. Ulizo linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: mara 4, ni kilometre 144,000. Nuru inakimbia kilometre 300,000 kwa sekunde, basi kungoja ni karibu nusu sekunde kila mara. Njo sababu mazungumzo yalikuwa yanachelewa. Satelite za Starlink ziko chini sana, karibu kilometre 550. ARPTC ilizikataza mu Machi 2024, halafu ikazipa ruhusa mu Mei 2025.

Mu 2013 inchi yetu iliunganishwa ku kamba ya baharini WACS kule Muanda. Kamba hiyo inatoka Afrika Kusini mpaka Uingereza, zaidi ya kilometre 14,000, na inchi nyingi za pwani zinaitumia pamoja. Nayo ni koneksio ya kugawanya. Sisi wa Lubumbashi tuko mbali na Muanda, na mlango wetu wa karibu ni Kasumbalesa, kupitia Zambia.

Lakini ujumbe wa kutoka Kamalondo mpaka Ruashi una haja gani ya kuvuka mpaka? Kwa sababu hiyo makampuni yanaweka mahali pa kukutana na kubadilishana ujumbe wa ndani. Kinshasa kuko KINIX, na mji wetu una LUBIX. Ni shauri (e) la juu, lakini kwa kipimo cha mji: kitu cha ndani kibaki ndani, bomba la inje libakie kwa vitu vya inje.

UKUMBUSHO

Ruta inagawanya njia na adresi, lakini haigawanyi haki. Mwendo ukipungua watu wanangoja dakika, na kiasi kikiisha watu wanagombana. Tuweke mtunzaji, daftari, fungu la masomo na saa ya haki mbele ya kuwasha mashine.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Ruta inafanana namna gani na sekretere wa shule? Rejista yake ni nini?
2. Koneksio ni ya megabiti 16 kwa sekunde. Kitabu cha mega 60 kitachukua sekunde ngapi ku kompyuta moja? Na kama kompyuta 4 zinashusha pamoja?
3. Forfe ya giga 30 ni ya nyumba 3. Fungu la masomo ni giga 3. Kila nyumba inabakia na mega ngapi kwa siku, mwezi wa siku 30 (giga 1 ni mega 1,000)?
4. Betri ni ya volti 12 na amperi-saa 9, ruta inakula wati 9. Ukitumia nusu ya betri, utapata saa ngapi?
5. Muongee mu klasi: mu lupango yenu, saa gani ya masomo inaweza kufaa wavulana na wasichana sawasawa? Muandike sababu.

Majibu ya 1 mpaka 4 yatatoka mu toleo linalokuja. Ulizo la 5 halina jibu la kitabu. Klasi itakayoleta utaratibu mzuri, tutauandika hapa ili wengine waufuate.

Mungu abariki masomo yetu na malupango yetu.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa sita,
KAPITA WA SHULE